Seva Moja, Mashine Nyingi: Leseni ya Bure au ya Kulipia?

Mwenye kibanda anayelipa ada katika Soko la Karatina, mama anayefunguliwa faili katika kliniki ya watoto, na mwenye duka anayetafuta kibali cha biashara wote huhudumiwa na kompyuta ambayo hawajawahi kuiona. Kompyuta hiyo huitwa seva. Watu huikumbuka siku inapogoma tu. Mwishoni mwa Julai 2023, huduma za eCitizen ziliposhambuliwa mtandaoni na kukatika, foleni zilirudi ofisini na wengi wakauliza kwa mara ya kwanza mifumo hii inakaa wapi na nani anaisimamia.

Somo la toleo hili linahusu swali dogo ndani ya swali hilo: programu inayogawa seva iwe ya bure au ya kulipia? Makala haya hayatangazi zabuni wala ununuzi wowote. Lengo ni kumpa mkazi uwezo wa kusoma mstari mmoja wa bajeti ambao huandikwa "leseni za programu" na ambao, tuseme ukweli, hupita vikaoni bila swali. Barabara inaonekana na bomba la maji linaonekana. Leseni haionekani, lakini inalipwa kwa fedha zile zile. Somo linawafaa pia karani wa SACCO, mwalimu mkuu wa shule yenye maabara ya kompyuta, na kamati ya chama cha ushirika cha kahawa inayotaka kuweka mizani na malipo ya wakulima kwenye kompyuta.

Seva hugawanywaje

Chukua jengo la soko. Ingekuwa hasara kumjengea muuza viazi nyumba yake, muuza mitumba yake na muuza ndizi yake, kila moja na paa, taa na mlinzi wake. Ndiyo maana tunajenga jengo moja na kuligawa vibanda. Kila mwenye kibanda hufunga kwa kufuli lake, ila paa, maji na mlinzi ni vya wote.

Zamani ofisi nyingi zilinunua seva moja kwa kila kazi: moja ya mapato, moja ya barua pepe, moja ya mishahara. Kila moja ilikula stima mchana na usiku huku sehemu kubwa ya nguvu yake ikilala bure. Sasa seva moja yenye nguvu hugawanywa kuwa kompyuta kadhaa za ndani, ambazo wataalamu huziita mashine pepe. Kila mashine pepe hujiona kuwa kompyuta kamili. Programu inayofanya ugawaji huo huitwa haipavaiza. Ndiyo msimamizi wa soko: hupima nafasi, hugawa umeme na kumbukumbu, na huzuia wa viazi asimwagie gunia lake kwa wa nguo.

Msimamizi huyo akikosekana, soko zima limefungwa. Kwa sababu hiyo, mkataba wake una uzito kuliko mkataba wa kibanda kimoja.

Bure ni za aina mbili

Katika mazungumzo ya ofisini neno "bure" hutumika kwa vitu viwili tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi hupotea.

Bure ya kwanza ni ya kukaribishwa. Kampuni inamiliki programu, haionyeshi ilivyotengenezwa, lakini inakuruhusu kuitumia bila malipo. Ni kama jirani aliyekukaribisha upande viazi katika shamba lake. Unavuna, unashukuru, lakini msimu ujao hujui.

Bure ya pili ni ya programu huria. Hapa msimbo wa programu uko wazi, na leseni yake humpa kila mtu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwapa wengine. Hii inafanana na mbegu uliyopewa ukaiotesha, ukahifadhi nyingine na kumgawia jirani. Aliyekupa anaweza kuacha kilimo au kuuza shamba lake, lakini mbegu iliyo ghalani mwako haigeuki kuwa yake tena.

Kisa cha miaka ya karibuni kinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yangu. Kampuni ya VMware ilianzishwa California mwaka wa 1998 na haipavaiza yake, ESXi, ikaenea duniani. Kwa miaka mingi kulikuwa na toleo la ESXi la bila malipo. Lilikuwa na mipaka: mashine pepe moja haikuweza kupewa zaidi ya prosesa pepe 8, seva mbili au tatu hazikuweza kuunganishwa chini ya usimamizi mmoja, na programu za kutengeneza nakala rudufu zilifungiwa njia rasmi ya kuzisoma mashine zile. Hata hivyo ofisi ndogo na shule nyingi zililitegemea.

Tarehe 22 Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware. Desemba hiyo hiyo ikatangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu, zile unazolipa mara moja ukatumia miaka yote. Kuanzia hapo ni kulipa kwa kipindi. Februari 2024 toleo la bure likaondolewa. Aprili 2025 likarudishwa. Kwa miezi 14 aliyetaka kuanza upya kwa njia ya bure hakuwa na mlango, kisha mlango ukafunguliwa tena, na katika hatua zote mbili mtumiaji hakuulizwa chochote. Halalamiki kisheria, maana shamba ni la mwenyewe.

Asidhani mtu kwamba kulipa kunakinga dhidi ya hayo. Mwaka wa 2024 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, yenye mawakili wengi kuliko kaunti yoyote ya Kenya, iliishtaki Broadcom jijini New York ikidai kunyimwa huduma ya usaidizi kwa leseni za kudumu ilizokuwa imekwisha kununua. Katika madai yake ilitaja pendekezo la ongezeko la bei la asilimia 1,050. Pande hizo zilimalizana nje ya hukumu mwishoni mwa mwaka ule.

Wala si kampuni moja tu. Microsoft ilikuwa na Hyper-V Server ya bila malipo; toleo la 2019 ndilo la mwisho, na masasisho yake ya usalama yatakoma Januari 2029. Hyper-V yenyewe ingalipo, ila ndani ya Windows Server ya kulipia. Citrix ilipunguza uwezo wa toleo la bure la XenServer Desemba 2017. Hapo lakini jambo la tofauti lilitokea. Moyo wa XenServer ni programu huria iitwayo Xen, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watumiaji wenye ujuzi, wakiongozwa kutoka Ufaransa, waliuchukua msimbo ule na mwaka wa 2018 wakatoa XCP-ng, yenye yale yaliyoondolewa. Walioweza kuhama walihama bila kununua kitu. Hiyo ndiyo faida ya mbegu.

Programu huria inayozungumzwa zaidi leo katika ofisi zinazohama ni Proxmox VE, inayotengenezwa na kampuni ya Vienna, Austria, tangu 2008. Imejengwa juu ya Linux na KVM, sehemu iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka wa 2007. Unaweza kuipakua na kuitumia yote bila senti. Ukiingia itakukumbusha tu kwamba huna usajili wa kulipia. Ukilipa, unapata masasisho yaliyopimwa zaidi na, katika ngazi za juu, haki ya kuwauliza wataalamu wao. Katika mwaka wa 2025 ngazi ya chini ilikuwa zaidi kidogo ya Euro 100 kwa soketi moja kwa mwaka, na ya juu kabisa ilipita Euro 1,000. Ngazi ya chini haikupi mtu wa kumuuliza, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari wamelipa.

Hesabu iko wapi

Sasa tuketi na kikokotoo. Prosesa ya seva hukaa katika kishikio kiitwacho soketi, na ndani yake mna viini kadhaa vinavyofanya kazi sambamba. Leseni moja huhesabu soketi, nyingine viini. Tofauti hiyo ndogo huzaa bili kubwa.

Tuseme taasisi ina seva moja yenye prosesa 2, kila moja viini 8. Jumla ni viini 16. Kwa Proxmox utahesabiwa soketi 2. Kwa Windows Server utahesabiwa viini 16, ambacho ndicho kiwango cha chini kwa seva. Kwa VMware kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila prosesa, kwa hiyo utalipia viini 32 ilhali unavyo 16. Nusu ya unacholipia hakimo ndani ya mashine. Aliyenunua seva ndogo ili kuokoa fedha ndiye anayeumizwa na kanuni hii kuliko aliyenunua kubwa.

Kuna bili nyingine ambayo haipavaiza ya bure haiifuti. Ukiendesha mashine pepe za Windows Server juu ya Proxmox, bado Microsoft anadai leseni zake. Leseni ya Standard iliyofunika viini vyote vya seva hukuruhusu mashine pepe 2 tu za Windows. Ukiwa nazo 6, unainunua mara 3 kwa seva ile ile. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema "tumehamia huria, gharama imeisha", muulize ndani ya vibanda mnauzwa nini.

Halafu kuna shilingi. Leseni hizi huuzwa kwa dola au Euro. Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124. Januari 2024 ilifika karibu 160. Kufikia Agosti 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Bili ya dola 10,000 isiyobadilika hata senti ingekuwa shilingi 1,240,000, kisha 1,600,000, kisha 1,290,000. Makadirio ya bajeti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bili inayokuja Januari ilikadiriwa miezi mingi kabla.

Kulipa kila mwaka kuna athari nyingine ya kibajeti ambayo wataalamu wa kompyuta hawaizungumzii sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Malipo yanayorudi kila mwaka huongeza uzito upande wa matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara na mafuta ya magari. Ununuzi uliokuwa tukio la mara moja umekuwa kodi ya nyumba.

Na kodi ikichelewa? Kila mkazi anajua kwamba fedha za mgao kutoka Hazina ya Taifa huchelewa mara kwa mara. Usajili wa Proxmox ukiisha, seva huendelea kufanya kazi. Unachokosa ni masasisho ya ngazi ile na usaidizi. Leseni ya muda ya VMware ikiisha, mashine pepe zilizo hewani huendelea, lakini ikizimwa moja huwezi kuiwasha tena hadi ulipe. Sasa fikiria hali hiyo, kisha stima ipotee usiku wa mvua na betri za akiba ziishe. Asubuhi stima imerudi, seva imewaka, rejesta ya wagonjwa haiamki. Kwangu mimi swali hili moja, "leseni ikiisha kunatokea nini?", lina thamani kuliko kurasa kumi za vipeperushi vya wauzaji.

Gharama ya huria ni watu

Mpaka hapa ningesomeka kama mpiga debe wa programu huria. Kuna upande wa pili, na hauna huruma.

Programu ya kulipia huja na mtu wa kupigiwa simu. Huria isiyolipiwa huja na wewe mwenyewe. Ikiharibika saa nane usiku, anayeamka ni fundi wako, kama unaye. Hata ukilipia Proxmox, wataalamu wake hufanya kazi saa za ofisi za Vienna, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja au mbili kulingana na msimu, na sikukuu zao si zetu.

Chukua jambo moja la kiufundi lionyeshe ujuzi unaohitajika. Ofisi yenye busara haiwi na seva moja, huwa nazo mbili, ili moja ikizimika nyingine ichukue mzigo. Lakini Proxmox huamua mambo kwa kura, na kura zinahitaji akidi, kama Bunge la Kaunti. Seva mbili zina kura mbili. Moja ikilala, iliyobaki haina wingi na hukataa kuendelea kwa kuhofia kwamba mwenzake yu hai upande wa pili akifanya uamuzi tofauti. Dawa ni kura ya tatu, ambayo hata kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza kuitoa. Fundi anayejua hilo hulimaliza mchana mmoja. Asiyejua ataligundua siku ya msiba.

Usalama nao haufuati bei. Februari 2023 wahalifu walivamia maelfu ya seva za ESXi duniani, wakafunga mafaili na kudai fidia. Idara ya usalama wa mtandao ya Ufaransa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupiga kengele. Kasoro waliyoipitia ilikuwa imetolewa dawa tangu Februari 2021. Miaka miwili dawa ipo, na waliokuwa na leseni za kulipia walikuwamo miongoni mwa waliofungiwa, kwa sababu hakuna aliyeiweka. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa anayetunza data saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data baada ya kujua kwamba taarifa za watu zimevuja. Sheria haiulizi kama programu yako ilikuwa ya bure.

Habari njema ni kwamba Kenya si mgeni katika programu huria. Taarifa za afya kutoka vituo vyote nchini hukusanywa tangu 2011 kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na iliwekwa katika seva moja ya kati badala ya kusambazwa kompyuta kwa kompyuta. KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo mizizi yake iko kwenye kazi iliyofanywa Eldoret. Zilidumu kwa sababu watu walifunzwa na kulipwa kuzitunza. Vijana wanaohitimu masomo ya kompyuta pale Dedan Kimathi na vyuo vingine vya eneo hili wanaweza kujifunza haipavaiza huria kwenye kompyuta iliyochakaa, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Huo ni mtaji ambao leseni ya kulipia haiuzi.

Nani achague nini

Shule yenye seva moja ya maabara itosheke na huria bila kulipa, mradi nakala rudufu zihifadhiwe nje ya seva ile. Data ikipotea wanafunzi watarudia mazoezi, hakuna atakayeumia.

SACCO au chama cha kahawa ni kitu kingine. Humo mna akiba na malipo ya watu. Ningeshauri huria pamoja na usajili wa ngazi yenye haki ya kuuliza, na mkataba na fundi wa karibu aliyeonyesha, kwa vitendo na mbele ya kamati, kwamba anaweza kurudisha mashine pepe kutoka nakala rudufu. Asiseme tu kwamba anaweza. Azime, afute, arudishe, saa ihesabiwe.

Taasisi yenye mfumo uliotengenezwa mahususi kwa VMware, na mtengenezaji wake akikataa kuusaidia mahali pengine, pengine haina budi kuendelea kulipa kwa sasa. Hospitali isihame wikendi moja kwa sababu bei imepanda. Lakini zabuni ijayo ya mfumo wowote iandikwe kwa namna isiyomfunga mtu kwenye chapa moja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 tayari inataka zabuni zieleze kinachohitajika badala ya kutaja chapa, na inapobidi kuitaja, iruhusiwe bidhaa inayolingana nayo.

Mkazi anayetaka kufuatilia ana nafasi mbili za wazi katika kalenda. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya yote mawili wananchi hualikwa kutoa maoni. Ukikuta mstari wa leseni, uliza ni ya kudumu au ya kipindi, inahesabiwa kwa soketi au kwa viini, inalipwa kwa sarafu gani, na siku ikiisha huduma ipi inasimama. Uliza pia ni lini mara ya mwisho nakala rudufu ilirudishwa kwa majaribio, na nani aliyeshuhudia. Maoni ya maandishi yana nguvu sawa na ya mdomo, na Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata jibu hata kama kikao kimekupita ukiwa sokoni.